Nondo wa nguo, kipepeo wa Greenland na friza

Nondo yule anayezunguka balbu usiku, mwache. Nondo wa nguo (Tineola bisselliella) hukimbia mwanga. Ni mdogo, urefu kama milimita 7, rangi ya nyasi kavu, na ukifungua kabati hujichimbia kwenye mikunjo badala ya kuruka. Tena mwenyewe hali kitu. Mharibifu ni kiwavi wake, anayetafuna sufu na manyoya, hasa palipoingia jasho au tone la mchuzi.

Dawa ninayoiamini ni friza. Lakini Greenland yupo kipepeo wa rangi ya chungwa, Colias hecla, ambaye kiwavi wake hulala kwenye theluji miezi na miezi, kisha akaamka mzima. Mbona wa kabatini afe?

Tofauti ni maandalizi. Wadudu wa nchi za barafu huacha kula mapema na kusafisha utumbo, maana chembe ya chakula ndipo barafu hupata pa kuanzia. Kisha hujaza mwilini gliseroli, inayochelewesha maji kuganda. Kazi hiyo huchukua majuma. Theluji nayo ni blanketi: chini yake si baridi kama juu.

Kiwavi wa nondo naye huzoea baridi kidogo akipewa nafasi, kwa hiyo usimpe. Tia sweta kwenye mfuko wa plastiki, kamua hewa, funga kabisa, uingize kwenye friza iliyokwisha kufika -18 °C. Kile kichumba cha barafu ndani ya friji ndogo hakifai. Usirundike: katikati ya blanketi nene hupoa polepole, na humo ndimo mayai huponea. Acha wiki mbili. Ukitoa, usifungue mfuko mpaka saa 24 zipite, la sivyo unyevu wa hewa utatua kwenye kitambaa baridi. Vitu vyenye pembe za ndovu au rangi ya mafuta visiingie, huweza kupasuka. Wakati huohuo fagia nyufa za kabati, maana sweta safi likirudi penye mayai, umefanya kazi bure.

Huna friza? Jua lipo. Yule kipepeo wa Greenland hulitegemea ili aruke: hufunga mabawa na kulielekezea ubavu, na magamba meusi ya upande wa chini hufyonza joto hadi misuli ipate moto. Nondo halitaki kabisa. Anika nguo juani, igeuze ndani nje, uipige brashi kwenye mishono na chini ya kola. Mayai na viwavi hudondoka.