Balto hakuwa na damu ya mbwa mwitu

Nimechoka kuambiwa kwenye kliniki yangu ya mifugo kwamba Balto, yule mbwa maarufu wa kuvuta sleji (gari la kuteleza juu ya theluji) huko Alaska, alikuwa chotara wa mbwa mwitu. Uchotara huo alipewa na filamu ya katuni ya 1995, na mpaka leo watu wanakuja kuniomba niwatafutie dume "lenye damu ya mwitu" ili wapate watoto wa mbwa majasiri.

Kisa chenyewe kwa ufupi. Januari 1925 dondakoo lilizuka Nome, Alaska, na bahari ilikuwa imeganda, meli haziwezi kufika. Dawa ilifika Nenana kwa treni, kisha waendesha sleji 20 na mbwa wapatao 150 wakaipokezana kwa karibu kilomita 1,085. Haikuwa chanjo, ilikuwa seramu ya kutibu, iliyotokana na damu ya farasi. Mwendeshaji Gunnar Kaasen na Balto waliingia nayo mjini 2 Februari, baada ya kipande cha kama kilomita 85. Kipande kirefu na cha hatari kuliko vyote, juu ya barafu ya ghuba ya Norton Sound, alikivusha Togo, mbwa wa mwendeshaji mwingine, Leonhard Seppala. Hata sanamu ya Balto pale Central Park, New York, maandishi yake yanawaenzi mbwa wote wa sleji.

Sasa damu. Mwili wa Balto umehifadhiwa katika makumbusho ya historia asilia ya Cleveland, na mwaka 2023 jarida la Science lilichapisha jenomu yake, yaani jeni zake zote, iliyosomwa kutoka ngozi ya tumbo. Asili ya mbwa mwitu haikuonekana. Tena alikuwa na uwezo mkubwa wa kusaga wanga kuliko mbwa mwitu, alama ya ukoo uliokwisha kuzoea chakula cha binadamu.

Wafugaji, someni hapa taratibu: Balto alikuwa na dalili chache za kuzaliana ndugu kwa ndugu kuliko mbwa wa aina za leo, na mabadiliko adimu yenye madhara katika jeni zake yalikuwa machache. Sisi tunachukua dume moja zuri la maonyesho, tunampandishia mabinti zake, halafu mnaniletea watoto wenye nyonga mbovu mkiuliza kwa nini. Mbwa wa Seppala, Balto akiwemo, walichaguliwa kwa kazi. Sura haikuvuta sleji.

Lakini siwaungi mkono wanaotaka jenomu ieleze ushujaa. Ni mbwa mmoja tu, na hakuna jeni itakayonionyesha jinsi timu ile ilivyoshika njia katika dhoruba. Kuna mafunzo, kuna mwendeshaji, kuna mbwa wengine waliofungwa nyuma yake wakivuta uzito uleule.

Na anayekuuzia "kitukuu cha Balto" anakula pesa yako. Filamu zilizofuata zilimpa watoto, lakini Balto halisi alihasiwa akiwa mdogo. Togo ndiye aliyeacha uzao. Kabla hujalipa, dai picha za eksirei za nyonga za baba na mama.