Kiberiti hakithibitishi ngozi halisi

Muuzaji wa viatu anawasha kiberiti cha gesi, anapitisha moto juu ya kiatu, hakiungui. "Umeona? Ngozi tupu hiyo!" Wengi tumekua tukiamini kwamba ngozi halisi haishiki moto, na ya bandia huyeyuka papo hapo.

Ngozi ni protini, kama nywele na kucha. Moto ukikaa juu yake hujikunja, huwa nyeusi na kunuka kama nywele zilizoungua. Moto wa sekunde moja hauonyeshi kitu. Hata plastiki nene huuvumilia. Tena ngozi halisi nyingi hupakwa rangi yenye plastiki, basi harufu nayo huchanganya.

Mafundi wa ngozi na wajalidi vitabu humzoeza mwanagenzi kutazama ukingo uliokatwa. Mjalidi hana pa kuukwepa: huupunguza unene kwa kisu kabla ya kuukunjia kwenye jalada. Ngozi huonyesha nyuzinyuzi zilizosokotana ovyo. Ya bandia, mara nyingi, utando laini juu ya kitambaa. Kwenye mkoba, chungulia ndani pasipo na bitana. Ila mabaki ya ngozi yaliyosagwa na kugandishwa kwa gundi humtatiza hata mzoefu.