Kundi la ulinganisho: jinsi uraia unavyoathiri udahili wa shule za biashara

Kundi la ulinganisho ni wale waombaji ambao kamati ya udahili humpima mtu kando yao kwa sababu wanafanana naye kwa uraia, taaluma na aina ya kazi. Shule kubwa za biashara hazitangazi mgao wa nafasi kwa kila nchi, lakini hakuna inayotaka darasa la watu waliotoka sehemu moja, kwa kuwa sehemu kubwa ya masomo ya MBA, yaani shahada ya uzamili ya usimamizi wa biashara, huendeshwa kwa majadiliano. INSEAD, iliyoanzishwa Ufaransa mwaka 1957, hujinadi waziwazi kwamba hakuna taifa moja linalotawala darasa lake.

Tuchukue mhandisi wa programu kutoka Bengaluru. India ni miongoni mwa nchi zenye watahiniwa wengi zaidi wa GMAT, mtihani wa kuomba nafasi katika shule za biashara ambao sasa alama zake huanzia 205 hadi 805, na faili lake huingia katika rundo la wahandisi wenzake waliosoma vyuo vizuri na kufaulu vilevile. Alama ambazo kwa mwingine zingekuwa sifa, kwake ni za kawaida. Hakataliwi kwa sababu ni Mhindi. Anakosa nafasi kwa sababu kamati imeshasoma maombi mengi yanayofanana na yake.

Afisa mikopo wa Mwanza yuko katika kundi dogo zaidi, na wengi huhitimisha kwamba uchache huo unatosha kumfungulia mlango. Dhana hiyo inawaponza waombaji wetu. Kamati bado itataka kujua kama atamudu hesabu za fedha na takwimu, na alama hafifu hazifichiki nyuma ya pasipoti. Akiandika tu kwamba anatoka Afrika na anataka kuisaidia, hajasema kitu. Akieleza kwamba alipanga upya marejesho ya mikopo ya wavuvi wa dagaa yafuate mwandamo wa mwezi angani, kwa sababu dagaa huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza na mapato hushuka mbalamwezi inapokuwa kubwa, ameonyesha uamuzi wa kibiashara ambao ni vigumu kuusikia kwa mwombaji aliyeishi kwingine.

Uraia wa kwenye hati nao si lazima ulingane na malezi. Katiba ya Kenya ya 2010 inaruhusu uraia pacha, kwa hiyo Mkenya ambaye pia ni raia wa Marekani hahitaji viza ya mwanafunzi kusoma huko, na anaweza kuomba mikopo ya serikali ya shirikisho, huku maisha yake ya Nairobi yakibaki kuwa hoja katika insha zake. Mwenye pasipoti ya Kenya pekee hulazimika kwanza kuonyesha fedha za kugharimia masomo ndipo apewe hati ya kuombea viza.

Kwa maoni yangu, hapa ndipo uraia unapouma zaidi, baada ya udahili wenyewe. Juni 2025 Marekani ilisitisha viza za wanafunzi kwa raia wa nchi kadhaa, Burundi ikiwamo, na zuio la namna hiyo haliangalii alama wala insha. Mwombaji aulize mapema, kabla ya kulipa ada ya maombi, kama shule inaruhusu kuahirisha nafasi hadi mwaka unaofuata viza inapokwama, na kama ufadhili aliopewa utaahirishwa pamoja nayo.