Mtoto mwanamichezo na maombi ya chuo kikuu Marekani

Kila msimu wa maombi swali la wazazi huwa lile lile: binti yangu anaogelea tangu darasa la pili, je, hilo litamsaidia kupata chuo Marekani? Nami huwauliza kama kuna kocha wa chuo anayemtaka. Kama hayupo, kuogelea kwake ni shughuli moja kati ya 10 zinazoruhusiwa kwenye Common App, fomu ya pamoja ya maombi inayotumiwa na vyuo vingi vya Marekani, na maelezo yake hayazidi herufi 150, nafasi zikiwemo.

Kesi dhidi ya chuo kikuu cha Harvard kuhusu kuzingatia rangi ya mwombaji katika udahili, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani Juni 2023, iliweka hadharani takwimu ambazo kwa kawaida hubaki kabatini. Kati ya wanamichezo waliosajiliwa na makocha, takriban asilimia 86 walikubaliwa. Waombaji wa kawaida hawakufika asilimia 10. Ni kweli hao wa kwanza walikuwa wameshachujwa, kwa kuwa kocha hupeleka matokeo ya mwanafunzi ofisi ya udahili kabla ya kumpigania. Hata hivyo, pengo hilo ni kubwa mno.

Sasa, ni mtoto wa nani anayeonwa na kocha? Mbali na mpira wa kikapu na riadha, vyuo vya aina ya Harvard vina timu za kupiga makasia, skwoshi, gofu, vitara na mashua za tanga. Hiyo ni michezo ya klabu, vifaa vya bei na mzazi mwenye nafasi ya kuendesha gari kila wikendi. Utafiti wa mchumi Raj Chetty na wenzake, uliotolewa 2023, uliangalia vyuo 12 vyenye ushindani mkali. Watoto wa familia zilizo katika asilimia 1 ya juu kwa kipato walikuwa na uwezekano zaidi ya mara mbili wa kusoma huko kuliko wa tabaka la kati wenye alama sawa za mtihani. Karibu robo ya upendeleo wao katika udahili ilitokana na usajili wa wanamichezo.

Wengine waliamua kuununua mlango huo. Mwaka 2019 waendesha mashtaka wa Boston walifichua mtandao wa rushwa wa Rick Singer, mshauri wa maombi ya vyuo: watoto wasio wapiga makasia walipigwa picha juu ya mashine ya mazoezi, wakapelekwa chuoni kama wanatimu.

Ndiyo maana wazazi wenye uwezo siku hizi huniuliza kama waifiche gofu ya mtoto, asionekane wa kitajiri. Ya nini? Msomaji wa maombi ana maelezo ya shule mkononi, na hahitaji kuambiwa kwamba karo yake ni kubwa. Kinachomchosha ni insha ya maneno 650 kuhusu bao la dakika ya mwisho na umuhimu wa ushirikiano. Mcheza gofu aorodheshe gofu yake bila kuona haya, kisha insha aiandike juu ya jambo jingine kabisa.

Wanaojificha bila sababu ni watoto wa upande wa pili, wa familia zisizo na uwezo. Fomu ina kipengele cha majukumu ya familia, na wengi wanakiacha kitupu kwa aibu. "Mbio za mita 1,500, mazoezi saa 11 alfajiri, kisha kukamua ng'ombe kabla ya shule" ni maneno yanayotosha kabisa ndani ya herufi 150, na kwa msomaji yana uzito kuliko "nahodha wa timu".

Kwa riadha njia imekanyagwa zamani. Mkenya Henry Rono aliikimbilia timu ya chuo kikuu cha Washington State, Mtanzania Suleiman Nyambui akakimbia katika timu ya chuo kikuu cha Texas kilichoko El Paso. Mwaka 2004 mwandishi John Manners na mwanariadha wa zamani Mike Boit walianzisha KenSAP, mradi wa kuwasaidia vijana wa Bonde la Ufa wenye alama za juu kuomba vyuo vikubwa.

Kuhusu pesa, Harvard, Yale na wenzao sita wa Ivy League, kundi la vyuo vinane vyenye sifa, hawatoi ufadhili wa michezo. Msaada hutolewa kwa kuangalia kipato cha nyumbani, mtoto awe mkimbiaji au asiwe. Wakala anayedai ada ya kumtafutia mwanao "skolashipu ya riadha ya Harvard" anauza kitu kisichokuwepo. Kocha huandikiwa barua pepe bure, na anwani yake iko kwenye tovuti ya timu. Mpelekeeni muda uliopimwa kwenye mashindano rasmi na matokeo ya shule.