Urithi wa shamba la kihistoria la kondoo ni nini?

Hapa Nairobi ukitaja shamba la kihistoria, wengi huona nyumba kubwa ya mlowezi yenye veranda. Nyumba ni sehemu tu, tena ndogo. Urithi wa shamba la kondoo ni yote yaliyoliendesha: malisho na maji yake, zizi, banda la kukatia sufu, mbegu ya kondoo, ujuzi wa wachungaji, hati za ardhi, na kumbukumbu za waliolisha mifugo pale kabla ya seng'enge kupigwa.

Chukua josho. Ni mtaro mwembamba wa saruji wenye maji ya dawa. Kondoo husukumwa ndani, huogelea, mchungaji humzamisha kichwa mara moja, kisha hupanda ngazi upande wa pili akichuruzika. Josho kuukuu lililoota nyasi hueleza habari za kupe, upele na kazi ya vibarua ambazo sebule ya mwenye shamba haiwezi kueleza.

Mfano mkubwa Kenya ni wa Lord Delamere, mlowezi Mwingereza. Mwaka 1903 alikodishiwa ekari 100,000 kule Njoro, akaleta kondoo wa sufu kutoka ng'ambo. Malisho yalikuwa na upungufu wa madini, kondoo wakafa kwa wingi. Baadaye aliwahamishia Soysambu, kando ya Ziwa Elmenteita, wakastawi. Alipandisha madume ya kigeni kwa majike ya Kimaasai, kwa hiyo mifugo ya wenyeji imo ndani ya mafanikio yale. Wamaasai wenyewe walikuwa wameondolewa Bonde la Ufa kwa mkataba wa 1904 ili kupisha walowezi. Kwangu, maelezo ya urithi yanayoruka mwaka huo hayajakamilika.

Mjini, barabara iliyoitwa kwa jina la Delamere sasa ni Kenyatta Avenue, na sanamu yake ilipelekwa Soysambu baada ya uhuru.

Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006 inagusa urithi wa utamaduni na wa asili pia. Ila urithi mwingine una miguu. Kondoo mwekundu wa Kimaasai, mwenye nywele badala ya sufu, huhimili minyoo ya tumbo kuliko mbegu nyingi za kigeni. Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, yenye makao hapa Nairobi, inafuga kundi lake Kapiti, Machakos, kwa sababu mbegu halisi inapungua kadiri wafugaji wanavyochanganya na dorper, kondoo wa nyama kutoka Afrika Kusini.