Rozari ilitoka wapi? Dhana potofu na ukweli wake

Dhana: Bikira Maria alimkabidhi Mtakatifu Dominiko rozari, sala ya Kikatoliki inayohesabiwa kwa punje, kama tunavyoisali leo.

Simulizi hili limechorwa makanisani kwa karne nyingi, lakini walioandika habari za Dominiko muda mfupi baada ya kifo chake mwaka 1221 hawalitaji. Aliyelieneza ni Alain de la Roche, Mdominiko (mtawa wa shirika lililoanzishwa na Dominiko) aliyefariki mwaka 1475. Heshima ya Wadominiko haipungui kwa hilo, maana ndio walioisambaza rozari kuliko shirika lolote.

Historia yenyewe inanigusa kuliko simulizi. Wamonaki walisali Zaburi zote 150. Mabruda wasiojua kusoma walisali Baba Yetu badala yake, na wengine wakafikisha 150 ili walingane na idadi ya Zaburi. Kuhesabu sala nyingi hivyo kichwani ni kazi, ndiyo maana zikatumika kamba zenye punje. Katika karne ya 13 mjini Paris, mafundi wa punje hizo walikuwa na vyama vyao: hawa wa mifupa na pembe, wale wa marijani, wengine wa kaharabu. Taratibu Salamu Maria ikashika nafasi ya Baba Yetu katika punje nyingi. Mwanzoni mwa karne ya 15, Dominiko wa Prussia, mmonaki wa shirika la Wakartusi mjini Trier, Ujerumani, akaziambatanisha Salamu Maria 50 na vifungu vya maisha ya Yesu. Hata maneno “Maria Mtakatifu, Mama wa Mungu, utuombee sisi wakosefu” yalipata sura yake rasmi katika Breviari (kitabu cha sala za kila siku za mapadre na watawa) ya mwaka 1568. Mtakatifu Dominiko asingeweza kuisali Salamu Maria tunayoijua sisi. Mwaka 1569 Papa Pius V akaithibitisha rozari kwa hati yake.

Dhana: Wakatoliki waliiga tasbihi ya Waislamu wakati wa Vita vya Msalaba.

Ni kweli Wahindu na Wabudha wana shanga zao za sala, kwa kawaida 108, na desturi hiyo ni ya kale sana. Waislamu nao wana tasbihi ya punje 99 au 33. Lakini William wa Malmesbury, mwandishi wa karne ya 12, anasimulia kwamba Godiva wa Coventry, bibi mtukufu wa Uingereza, alikuwa na uzi wa vito wa kuhesabia sala, akausia uvikwe sanamu ya Bikira Maria. Godiva alifariki kabla msafara wa kwanza wa Vita vya Msalaba haujaondoka Ulaya mwaka 1096. Na karne nyingi kabla yake, Wakristo wa jangwa la Misri walishahesabu sala kwa vijiwe.

Dhana: Rozari ni kupayuka-payuka kunakokatazwa katika Mathayo 6:7.

Yesu anawakemea wanaodhani watasikiwa kwa wingi wa maneno. Kurudia sala hakukatazwi: Zaburi ya 136 inarudia “fadhili zake ni za milele” mara 26, na Gethsemane Yesu mwenyewe alisali mara ya tatu kwa maneno yaleyale (Mathayo 26:44). Hata hivyo, rozari inayokimbizwa ili iishe inastahili lawama. Papa Paulo VI aliandika mwaka 1974 kwamba rozari bila tafakari ni mwili usio na roho. Kinachotafakariwa ni matendo ya Kristo, tangu kupashwa habari kwa Maria hadi utukufu. Wala Maria haabudiwi: anasalimiwa kwa maneno ya Luka sura ya 1, kisha anaombwa atuombee.

Dhana: Rozari hulinda yenyewe, ukiivaa au ukiitundika kwenye gari.

Hapo imegeuzwa hirizi, na Kanisa linaita hilo ushirikina. Rozari iliyobarikiwa ni kisakramenti, yaani ishara takatifu iliyowekwa na Kanisa: inamsaidia anayesali. Kuivaa shingoni kwa heshima hakujakatazwa.

Dhana: Kila Mkatoliki analazimika kuisali, pamoja na Matendo ya Mwanga (tafakari za maisha ya hadharani ya Yesu).

Yohane Paulo II alipoyapendekeza Matendo ya Mwanga mwaka 2002 aliwaachia waamini uhuru. Rozari yenyewe ni ibada inayohimizwa sana, lakini haishiki nafasi ya Misa, na asiyeisali hajavunja amri yoyote. Asiye na punje anaweza kuhesabia vidole.