Kuacha mayai na maharage hakuunyimi uvimbe protini

Wagonjwa wa saratani ya matiti huambiwa waache nyama, mayai, hata maharage, eti protini "inalisha uvimbe". Ni kweli seli za saratani hutengeneza protini kwa pupa. Lakini kasi hiyo haiamuliwi na sahani. Hitilafu imo ndani ya seli yenyewe.

Katika seli yenye afya, protini iitwayo 4E-BP1 huishikilia nyingine, eIF4E, ambayo huanzisha utengenezaji wa protini, ili ribosomu (mitambo ya seli ya kutengeneza protini) zisianze kusoma maagizo ya jeni ovyo. Kimeng'enya mTOR ndicho huifanya 4E-BP1 iiachie eIF4E, nacho husubiri ishara za vichocheo vya ukuaji na virutubisho. Katika takriban asilimia 40 ya saratani za matiti zinazoitikia homoni, jeni ya PIK3CA imebadilika, na mTOR husukumwa hata pasipo ishara ya nje. Hapo kwenye mTOR ndipo dawa ya everolimus hulenga. Marekani iliidhinisha mwaka 2012 itumike pamoja na exemestane, dawa ya kupunguza homoni ya estrojeni, kwa wanawake waliokoma hedhi wenye saratani ya matiti inayoitikia homoni, isiyo na HER2, iliyofikia hatua ya juu.

Mgonjwa akijinyima chakula, mwili huvunja misuli yake na kumwaga asidi amino, yaani vijenzi vya protini, kwenye damu, na uvimbe huzichota humo humo. Anayedhoofika ni yeye, tena pengine akiwa katikati ya kemotherapi.